Mbao za Nyumba ya Chini

Jana nilipita mahali wanapopaka nguzo za ua oili chafu, na harufu ile ikanirudisha utotoni, mtaa wa Rwezamenyo, kwenye kiwanja chetu cha mteremko. Mvua ilikuwa ikisomba mbegu zetu hadi barabarani. Fundi cherehani wa nyumba ya chini akatuazima mbao nene za mkaratusi alizojiwekea za kujengea. Yeye na baba walizipaka oili zisiliwe na mchwa, wakazipanga kama sanduku, wakajaza udongo na samadi. Mama akapanda mchicha, mimi nikapewa pembe moja ya karoti.

Wiki ambazo watu walianza kukaza milango kwa mbao, wakiogopa wauaji, mke wa fundi alikuja asubuhi. Hakutaka kukaa.

"Dada, tunaomba zile mbao. Mlango yetu haiko na nguvu."

Mama alitazama bustani. "Karoti ya mtoto iko ndogo bado. Mngoje kidogo, tuvune."

Mke wa fundi alinitazama, akasema, "Haya, si neno," akateremka kwao. Mimi nilifurahi.

Nyumba ya chini hakubaki mtu wa kurudishiwa mbao. Karoti tulizila, na zilikuwa tamu.