Walinitakia Safari Njema Nikiwa Nyumbani

Kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa nikiandika matangazo ya ushirika wetu wa umeme, kule Nkanka. Umeme wenyewe ulikuwa mdogo: mtambo mmoja kwenye kijito, nyaya zikipanda kilima hadi kwa wanachama, na jioni watu wakichomeka pasi kwa pamoja, balbu zote zilififia zikawa rangi ya chai. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa zilisomwa kwenye kipaza sauti habari za kilima, nani kajifungua, nani anaozesha, mbuzi wa nani kapotea, na mwishoni mawaidha ya kubana umeme. Habari watu walizisikiliza. Mawaidha yakianza, walianza kukusanya watoto wao waende zao.

Nilikuwa mkali katika mawaidha yale. Pigeni pasi asubuhi, mtambo ukiwa hauna kazi. Pakeni kuta chokaa, balbu moja itatosha mahali pa mbili. Msiwashe taa katika chumba msichokaa. Taa ya nje si pambo. Watu husema mganga hajigangi, lakini mimi nilijiganga vizuri sana. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki. Binti yetu wa pekee aliuza vitenge Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kila alipokuja alinisihi nikaishi naye, nami kila mara nilikataa. Mtu mmoja ana haja gani na vyumba vinne? Nikafunga mlango wa mbele kwa sababu ya upepo wa ziwani, nikahamia jiko la nyuma na balbu moja ndogo. Upande wa njia, nyumba ilikuwa giza tangu jua kuzama. Nilijivunia jambo hilo, nisiseme uongo.

Nilichosahau ni desturi yetu wenyewe. Kwetu hodi ya jioni hupigwa penye taa. Mtu anarudi kutoka ziwani na kapu la sambaza, dagaa wa kwetu, akiona dirisha linawaka anaita, hata kama hana shida yoyote, apewe kiti na kikombe. Asipoona taa anapita zake, maana kugonga kwenye giza ni kuwaamsha waliolala, au kuonekana unaipeleleza nyumba isiyo na mwenyewe. Basi nilipozima taa, hodi nazo zilikoma. Mwanzoni nilijiambia watu wana shughuli. Baadaye nilijiambia wamenichoka. Ikafika mahali nikawa naisimulia sufuria habari za kilima kabla sijaziandika.

Kisha nikashikwa na malaria. Dawa nilikuwa nayo kabatini, ila miguu haikuwa na nguvu ya kunishusha hadi parokiani, na Jumapili ile matangazo yaliandikwa na mtu mwingine. Nilikaa mlangoni pa jikoni, blanketi mabegani, nikisikiliza sauti ikipanda kilima. Wakataja mapacha waliozaliwa. Wakataja harusi. Halafu msomaji akasema: "Mwenzetu aliyekuwa akituandikia matangazo haya amehamia Bukavu kwa binti yake. Tunamtakia safari njema na maisha mema." Nyumba yangu giza, mimi sionekani, na binti anayenisihi wote walimjua; walijumlisha wenyewe. Watu wakapiga makofi. Baada ya makofi yakasomwa mawaidha yangu ya zamani, neno kwa neno.

Nililia. Naandika hivyo hivyo, nililia, mzee mzima. Kufa hakunitishi sana, ila niliogopa kufa mle jikoni huku watu wakipita njiani wakisema, yule sasa anakula vizuri kwa mtoto wake.

Jioni ile homa ilikuwa imeshuka na hasira imepanda. Nikafungua mlango wa mbele. Nikawasha taa za vyumba vyote na ya nje. Nikachomeka pasi, nikachomeka na jiko la umeme la marehemu mke wangu, lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika tangazo la kulipiga marufuku. Taa za chini ya kilima zikaanza kufifia. Nikavuta kiti kizingitini nikangoja.

Hawakukawia. Mbele alikuja mwenyekiti wa kamati, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Ni nani uyu anatumalizia kuran, mataa yetu yote inazimika?" alipaza sauti kutoka njiani. Aliponiona alisimama. "Yezu wangu! Papa, si uliendaka Bukavu?"

"Niliendaka na miguu ya nani?"

Nyuma yake walikuja wengine, kila mmoja na lawama zake, nami sijawahi kugombezwa nikafurahi kiasi kile. Walinigombeza kwa jiko, kisha wakanigombeza kwa kukonda. Maji yalikuwa yameanza kuchemka juu ya jiko hilohilo la marufuku. Chai waliinywa yote.

Jumapili iliyofuata kamati ilitaka wanachama wote wafike. Mwenyekiti akatangaza kuwa anayeishi peke yake ana ruhusa kuacha taa moja ikiwaka upande wa njia, na kwamba majirani wakiona haiwaki wakapige hodi hata kwenye giza. Akasema wanaoishi peke yao wainue mikono. Nilidhani ni mimi tu, nikauinua wangu nusu, kwa aibu. Mikono ikainuka huku na huku. Mmoja ulikuwa wa mjane ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya shamba langu la migomba. Nyumba hiyo nilikuwa nikiipita kila jioni ikiwa giza, nikijua kabisa kwamba mwenyewe alikwenda Muganza, kwa mwanawe anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Magoti yalikuwa yamemfungia ndani. Siku hiyo aliletwa kwa pikipiki.

Watu walipotawanyika nilimfuata kwenye benchi alipokuwa amekaa.

"Maman, nilizani uko Muganza."

"Miye niko apa siku zote, Papa. Kipaza sauti nasikiaka. Ulisema tuzimishe mataa, nikazimisha."

Nikaketi kando yake. Nilimuuliza kama amekula, akasema bado.