Norma Thackray na Kicheche wa Shemeji Yake

Nilikuwepo ukumbini siku Norma Thackray alipomwambia shemeji yake neno ambalo halikupaswa kusemwa. Tulikuwa watu kama themanini, kwenye maonyesho ya vicheche ya klabu yetu ya Cawderby, kaskazini mwa Uingereza. Hakuna hata mmoja aliyejifanya hakusikia.

Vicheche wetu ni wa kufugwa, wembamba, warefu kama soksi iliyojazwa mchanga. Tangu enzi za machimbo ya makaa, watu wa hapa huwaingiza kwenye mashimo ya sungura, sungura hutoka mbio na kunasa kwenye nyavu zilizotegwa nje. Machimbo yalishafungwa, vicheche wakabaki. Wengine siku hizi hulala sebuleni zaidi kuliko wenye nyumba.

Norma alipika katika shule ya msingi miaka thelathini, na sauti yake ilizoea kushinda kelele za watoto mia mbili. Alikuwa na vicheche wanne bandani, na kila Ijumaa aliwapima mmojammoja kwenye mizani yake ya unga. Watu walimcheka. Hakuwaeleza, lakini mimi jirani yake najua alianza lini. Alikuwa na dume aliyeitwa Pickle, akaanza kunyonyoka manyoya mkiani. Norma akasema ni majira tu, kila mnyama hupukutisha. Upara ukapanda mgongoni. Akasema ni chakula. Asubuhi moja akamkuta amejikunja, anajikamua na mkojo hautoki, analia kama mtoto mchanga. Daktari wa mifugo akamwambia kuna tezi karibu na figo iliyokuwa imeharibika kwa miezi, na yale manyoya ndiyo yaliyokuwa yakitoa habari. Pickle alifia mezani pale pale. Tangu hapo Norma hakumwamini mnyama yeyote anayeitwa mzima.

Clifford Sugden, mwenyekiti wa klabu, alikuwa mume wa Enid, mdogo wake Norma. Enid alikufa kwa saratani ya tumbo miaka miwili kabla ya maonyesho hayo, akaacha kicheche mmoja, Bramble, aliyemlea kwa chupa. Clifford hakumwachia Bramble mtu mwingine amshike. Alimbeba ndani ya koti kila alikokwenda.

Siku ile Bramble alikuwa ameshinda. Utepe wa ushindi ulikuwa bado mkononi mwa mwamuzi Norma alipoikaribia meza.

"Clifford, mnyama wako anaumwa."

"Anaumwa nini? Ubingwa?" Watu wakacheka.

"Mwangalie macho. Anatazama ukuta kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Na miguu ya nyuma anaiburuta."

"Amechoka na safari."

"Safari gani? Kwako mpaka hapa ni dakika nne kwa miguu! Na mbona anajikwangua mdomo hivyo, mate yanamtoka? Hicho ni kichefuchefu. Sukari inamshuka mwilini. Kesho mpeleke kwa daktari."

"Shemeji," Clifford alisema taratibu, ili wote wasikie, "wako leo ameshika nafasi ya ngapi?"

"Ya tano."

"Basi nenda kakae na wa tano wako. Wivu utakuua wewe kabla huyu hajapiga chafya."

Hapo ndipo Norma alipolisema lile neno. "Hukuona kwa Enid, na huyu pia huoni."

Clifford akawa mwekundu mpaka shingoni. "Wewe ulikuwa ukija kwangu kunywa chai naye kila Jumamosi. Uliona nini? Ehe? Uliona nini?" Norma akachukua boksi la kicheche wake. "Toka humu. Usikanyage tena."

Wiki iliyofuata kamati ya klabu ilimwandikia Norma barua kumfukuza uanachama kwa maneno yasiyo ya kiungwana. Aliigongomea kwenye mlango wa banda, upande wa nje, ili wapita njia waisome.

Clifford naye akakazana kumlisha Bramble mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na kijiko cha sukari juu, kama baba yake alivyokuwa akilisha wa kwake. Kila alipomkuta mtu njiani alifungua koti. "Mwone! Huyu ndiye mgonjwa wa yule mpishi." Lakini nilimwona Bramble kwa macho yangu. Zamani alikuwa hatulii kotini. Sasa alilala fofofo, ukimgusa anachelewa kuamka, na akiamka anakutazama kama hakujui.

Jumamosi moja ya Machi, mchana, tulikuwa kwenye foleni dukani kwa Desmond Lumb, muuza nyama. Norma alikuwa mbele, mimi nyuma yake, Clifford mlangoni akiongea na mgongo wa Norma bila kumtaja. "Kuna watu," alisema, "wakikosa ugonjwa wa kuuguza wanautengeneza."

"Na kuna watu," Norma alijibu bila kugeuka, "wanaotembea na maiti kotini."

Clifford alifungua kinywa ajibu, mara koti lake likaanza kutikisika. Akamtoa Bramble. Mnyama alikuwa amekakamaa, kichwa kimerudi nyuma, miguu inapigapiga hewa, mapovu mdomoni. Clifford alibaki amemshika kama mtu aliyeshika chungu cha moto asichojua pa kukitua.

Norma alikwishafika rafuni. Lumb huuza asali ya shamba la kaka yake. Norma akafungua chupa kwa meno, akachovya kidole.

"Usimguse! Unampa nini?"

"Mlaze hapa. Shika kichwa, usikibane."

"Nimesema usimguse, wewe mchawi!"

"Shika kichwa, Clifford, au atakufa mkononi mwako na mimi nitawaambia wote!"

Akakishika. Norma alipaka asali kwenye ufizi, kidogo kidogo kwa nje, asije akang'atwa, wala mnyama asipaliwe. Tulisimama tu. Lumb alizima mashine ya kukatia nyama. Baada ya dakika chache miguu ikatulia, kisha ulimi ukatoka ukalamba. Bramble akainua kichwa na kutazama huku na huku.

"Sasa nyama," Norma alimwambia Lumb. "Ini, likatekate. Asali peke yake itamwangusha tena. Halafu washa gari, umpeleke huyu bwana kwa daktari, sasa hivi."

Clifford alipita mbele yake na Bramble kifuani. Hakusema asante. Norma alilipia asali, akanunua soseji zake, akaenda nyumbani.

Kesho yake Clifford aligonga kwa Norma. Nilikuwa jikoni kwake, na hakuna aliyeniambia nitoke.

"Umeridhika?" alisema kizingitini. "Ni uvimbe kwenye kongosho. Sukari ya damu ilikuwa karibu kwisha. Amepewa vidonge."

"Sijaridhika. Ungempeleka mapema."

"Daktari anasema nyama kila baada ya saa chache, na sukari nisimpe tena. Niangalie nini kingine? Sema haraka, sikuja kukaa."

Norma akamwambia: kuduwaa, mate, kujikwangua mdomo, miguu ya nyuma, usingizi mzito usio wa kawaida. Ukiona mawili, usingoje la tatu. Clifford alisikiliza akiangalia viatu vyake. Nikadhani ataondoka.

"Na Enid?" akauliza. "Kwake ilianzaje?"

Norma angeweza kudanganya.

"Februari, kabla hajapimwa," alisema, "alianza kuacha nusu ya keki. Nguo zikawa zinampwaya. Nikadhani anajinyima ili apungue. Nikamsifia."

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona. Sikujua ninachokiona."

"Mimi nilikuwa zamu za usiku, nikirudi namkuta amelala tu. Wewe ulimwona mezani, mchana kweupe, na hukusema. Halafu ukasimama mbele ya kijiji kizima ukanitwisha lawama mimi. Bramble nitamtunza. Wewe sitakusamehe."

"Sikukuomba," Norma alisema, akafunga mlango. Kisha akaketi, akalia mpaka chai ikapoa.

Bramble aliishi miezi kumi zaidi, ambayo daktari alisema ni mingi. Clifford alimpa vidonge kwa saa zilezile bila kukosa hata kimoja. Klabu ilipiga kura mara mbili kuhusu kumrudisha Norma, na mara zote mbili mkono wa kwanza kuinuka kupinga ulikuwa wa mwenyekiti. Hata hivyo watu hao hao waliopiga kura hupita kwa Norma mlango wa nyuma, na boksi kwapani. "Hebu mwangalie huyu, amenyonyoka kidogo hapa mkiani." Norma huwafokea kwa kuchelewa, kisha humchukua mnyama na kumpeleka dirishani penye mwanga. Norma na Clifford wakikutana njiani, mmoja wao huvuka barabara.