Kihenge cha Mzee Mageni

Mzee Mageni wa Nyahanga alijenga kihenge, ghala la nafaka la kienyeji, wakati mji mzima wa Kahama umeshasahau kihenge ni nini, na alitaka kila apitaye njiani akione. Majirani waliweka mahindi kwenye magunia sebuleni, wakaishi nayo kama wageni wasioaga. Enzi za baba yake vihenge vilisimama uani vimesukwa kwa fito, vimekandikwa kwa mavi ya ng'ombe, vimeezekwa kwa nyasi, na mkwe akija kutembea alionyeshwa kihenge kwanza, kiti baadaye.

Na sasa mkwe alikuwa anakuja. Mwanawe Thobias, mchimbaji wa dhahabu kule Geita, alikuwa amempata Eunice, binti wa kutoka Nkome, kando ya ziwa. Baba wa binti, Mzee Boaz, mchuuzi wa dagaa, alituma neno: hamtoi mwanawe mpaka aone anakwenda kula nini.

"Hatimaye mtu mwenye akili!" alisema Mageni, akaanza kazi.

Nyasi hakupata. Zilipokuwa zikiota sasa kuna vyumba vya kupangisha. Akaezeka kwa bati. Mavi ya ng'ombe aliyanunua, jambo alilolificha, maana baba yake angefufuka amchape. Kihenge kilipokamilika alishindwa kungoja. Aliita vijana wakamimina mahindi ukuta ukiwa bado umelowa, na mahindi yenyewe bado laini chini ya jino.

"Baba Thobias," mkewe alimwambia, "bwana shamba alisema yaanikwe juu ya turubai mpaka yakauke kabisa. La sivyo yanaota kuvu, na kuvu ile ina sumu inayokula ini."

"Bwana shamba wako kazaliwa juzi. Babu zetu walikuwa na turubai?"

"Walikuwa na subira."

Mageni aliwapungia vijana waendelee kumimina.

Goti lake halikumruhusu kupanda ngazi, kwa hiyo aliyepanda na kikapu kuchota mahindi ni Mama Thobias. Ugali ulipotengwa, Mageni alifumba macho. "Huu sasa ndio ugali wa kihenge! Hao wa magunia wanakula chokaa."

"Kula, Baba Thobias."

Siku ya siku Mzee Boaz alifika, na hakupewa kiti.

"Karibu huku kwanza, mkwe wangu," Mageni alisema, kifua mbele. "Thobias, panda ufunue!"

Thobias alipanda, akafunua, akapiga chafya. Alichoteremka nacho ni bonge la kijani lenye manyoya kama kifaranga. Boaz alilinusa kama anavyonusa dagaa.

"Mkwe, kule kwetu dagaa walionyeshewa mvua wakinuka hivi, hata bata hatumpi."

"Hayo ni ya juu tu. Thobias, chota ya chini!"

Thobias alizamisha mkono mpaka begani. Ya chini yalikuwa mabaya zaidi.

"Yataoshwa," alisema Mageni. "Yataanikwa."

"Sumu ile haitoki kwa kuosha," alisema Mama Thobias.

"Basi wapewe kuku."

"Kuku wamekosa nini?" aliuliza Boaz. Alikuwa ameshageuka kutazama njia aliyojia. Thobias naye alikuwa anamtazama baba yake kwa jicho la mtu anayeona mke akimponyoka.

Mama Thobias aliingia ndani, akarudi akiburuta gunia lenye mfuko mzito wa plastiki ndani yake, umefungwa shingo usipitishe hewa. Boaz alichukua punje, akaing'ata. Kak! Akang'ata nyingine.

"Haya. Mwanangu atakuja," alisema. "Ila atapika kutoka kwenye gunia la mama."

Walikula. Mageni alifinyanga tonge polepole, akalitafuna kwa huzuni.

"Mzuri," alisema, "kwa ugali wa gunia. Lakini ule wa kihenge niliokuwa nakula siku zote, ule ulikuwa kitu kingine."

Mama Thobias alimwongezea mchuzi. "Ni uleule. Mahindi yangu niliyatenga, nikayaanika kwa dada yangu. Kule juu nilipanda mara moja, nikaona kuvu. Baada ya hapo nilikuwa nakaa kwenye ngazi napunga upepo, kikapu nakijaza chumbani. Ugali wa kihenge hujauonja, Baba Thobias."

Boaz alicheka mpaka tonge likamdondoka.

"Kesho nitachimba shimo niyafukie yale ya kuvu," Mageni alisema baada ya kutafuna sana. "Lakini kihenge kisivunjwe. Safari hii nitakiacha kikauke."

"Kisivunjwe," alisema Mama Thobias. "Kikisafishwa kitanifaa kwa kuku."