Chozi Aliyekataa Maua ya Plastiki

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha Kiswahili Lodwar, na mke wangu alikuwa amekuja kuishi nami kutoka kwetu Vihiga. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupanda shubiri pale maji ya bafu yalipotokea. Zikanywa sabuni zikanawiri, na siku moja zikatoa maua mekundu marefu. Kesho yake akaja ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya mshona magunia, shingo inang'aa kijani.

"Huyo ni chozi," nikamwambia.

"Ndege mzuri hivi hawezi kuitwa chozi," mke wangu akasema. "Ni nyinyi walimu mnaowapa watu majina mabaya."

Alikuja kila asubuhi. Alitumbukiza mdomo katika ua hili, akahamia lile, akamaliza mstari mzima bila kuruka hata moja, huku paji la uso limejaa unga wa njano. Mke wangu aliacha chai ipoe akimwangalia. Mimi pia, lakini nilijifanya nasahihisha insha.

Kisha mbuzi wa mama mwenye nyumba, Mturkana mmoja mchangamfu aliyeishi mlango wa pili, akaingia uani akala maua yote, akaacha vijiti. Chozi alipokuja akazunguka vile vijiti, akatua, akapiga kelele nyembamba za kulalamika. Mke wangu akakaribia kulia.

"Atakula nini sasa?"

"Ataenda kando ya mto."

"Mto wenyewe umekauka!"

Akaingia ndani, akatoa maua ya plastiki ya mezani, yale tuliyopewa siku ya harusi, akayafunga kwenye vijiti kwa uzi. Chozi akaja, akachomeka mdomo, akautoa. Akageuka akatutazama kama mtu aliyekaribishwa chai halafu akapewa kikombe kitupu. Akaruka akaenda zake.

Basi nikakoroga sukari na maji, nikayajaza maua yale kwa kijiko, moja moja, nimepiga magoti na tai shingoni. Chozi akarudi, akanywa! Tukapeana mikono kama watu waliojenga daraja.

Tulichosahau ni nyuki. Mchana jua lilipokuwa kali, nyuki wa Lodwar wote wakapata habari. Mama mwenye nyumba alikuwa anaoga. Nikasikia ndoo ikianguka, kisha akatoka mbio amejifunga leso, povu kichwani.

"Mwalimu! Nyuki yako inanifuata!"

"Pole sana, mama. Ni wa chozi."

"Chozi gani? Mimi ndio nitalia! Hii maua ya sukari toa leo!"

Tukayatoa. Ndipo mke wangu alipomkumbuka rafiki yake waliyejuana kwenye mkutano wa kwaya, mama mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeuza chai na mandazi Kakuma, ambaye nyuma ya jiko lake shubiri zilikuwa zimeota kama ukuta. Jumamosi tukaenda.

"Maua hii mnakula?" yule mama akatuuliza.

"Hapana, ni ya ndege."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachimba mche mrefu kuliko yote, maua yake bado mabichi, akauweka kwenye ndoo pamoja na udongo. Tukapata lifti kwenye pikapu ya muuza vitunguu, mke wangu ameikumbatia ndoo. Kwenye kizuizi cha barabara polisi akamulika maua kwa macho makali.

"Hii ni nini?"

"Chakula cha ndege, afande," mke wangu akajibu.

"Ndege ya Lodwar siku hizi haitumii mafuta?"

Alituruhusu kupita, lakini nilimsikia akimsimulia mwenzake, na wote wawili wakaangalia juu.

Tulipanda mche ule tukauzungushia miiba. Siku ya tatu chozi alikuja na jike lake, wakafuma kiota chao kwenye kamba ya nguo. Mama mwenye nyumba, ambaye nilidhani atakikata, akakataza mtu yeyote kuanika hata soksi. Wiki kadhaa suruali zangu zilikauka juu ya miiba, nikafundisha nimetobolewa tobolewa. Makinda waliruka salama. Maua yalipokwisha, familia nzima ikaondoka, na mke wangu akanuna siku mbili kwamba hawakuaga.

Mwaka 2013, mvua iliponyesha, tulikuwa tunaenda Eliye Springs na wenzangu wa shule. Tuliposimama kupumzika, kichaka chenye maua kilikuwa kimejaa chozi. Mke wangu akateremka.

"Ejok!" akawasalimia kwa Kiturkana.

Mmoja akaruka juu yake, akamdondoshea kinyesi begani.

"Umeona?" akaniambia, amefurahi kabisa. "Amenikumbuka."