Truphena wa Karungu, Aliyepanda Paa la Mjane

Alizaliwa Truphena Awuor mwaka 1921 kisiwani Rusinga, katika nyumba ya mvuvi Elijah, akabatizwa kabla hajajua kutembea. Aliolewa huko Karungu, ufukoni mwa ziwa, na mumewe alipofariki mwaka 1958 alikataa kurithiwa na shemeji yake Cephas. Hakutafuta maneno matamu. Alisema, "Nimeshaolewa mara moja, yatosha," akarudi shambani.

Mwaka 1962 ziwa lilijaa likameza nyumba za ufukoni. Maskini wa Karungu walihamia mlimani na kujenga vibanda vya haraka. Walioteseka zaidi ni wajane, kwa kuwa desturi ilisema hivi: mwanamume anayeezeka nyumba ya mjane ndiye mume wake. Mwanamke naye hakuruhusiwa kupanda paa. Basi wanaume wakaogopa, wajane wakalowa, na waumini wakaendelea kuomba mvua ipungue.

Asubuhi moja ya Machi 1963 Truphena alimkuta bibi kizee Phelesia, mjane, ameketi kitandani, karai kichwani kukinga mvua, akikohoa. Alitoka. Akarudi na wanawake wa jirani, kila mmoja na mzigo wa nyasi, kisha yeye mwenyewe akapanda paani. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha Jirani.

Cephas alikuja mbio. "Shemeji, shuka! Anayeezeka ndiye mume. Sasa wewe ni mume wa huyu bibi?"

"Ndiyo," Truphena akajibu kutoka juu. "Na wewe ndiye ndugu yangu. Lete ng'ombe wa mahari."

Wanawake walicheka hadi nyasi zikawaponyoka. Cephas hakucheka. Alimwambia kwamba chira, laana ya wavunja mwiko, itamuua kabla nyasi hizo hazijakauka.

Haikupita wiki Truphena akaanguka kwa homa kali. Kicheko kikaisha. Wanawake walishuka mapaani, wengine wakaficha kamba zao za kuezekea. Kama angekufa, hakuna ambaye angepanda tena, na wajane wangelowa mpaka kaburini. Phelesia hakuogopa. Alimlaza chini ya paa lile lile jipya, akamnywesha uji na kusali. Mvua ilipiga bila huruma, lakini hakuna tone lililomfikia mgonjwa. Jumapili ya Pasaka jasho lilimtoka, homa ikamwachia, akaomba samaki aina ya ngege.

Cephas alisimama mlangoni. "Bado yuko hai?"

"Amemaliza ngege wangu wote," Phelesia akasema.

Cephas akaketi juu ya kinu, akashusha pumzi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa. "Shemeji," alisema polepole, "mama mkwe wangu pia analowa. Na mimi, kwa mwiko, nyumba ya mkwe siwezi hata kuikaribia."

"Si ulinitakia kifo?"

"Nilikutakia. Nashukuru sikusikizwa."

"Basi kakate nyasi."

Akakata, tena kwa miaka. Wanawake walitoa kamba zao mafichoni, na chama kikaezeka nyumba za wajane hadi karibu na Migori.

Truphena alifariki Agosti 1969. Waombolezaji walipofika walikuta paa lake mwenyewe limeoza. Hakuwahi kupata nafasi ya kuliezeka. Cephas alichukua kamba, akapanda mbele ya wazee wote. Hakuna aliyemwuliza amekuwa mume wa nani.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Wagonjwa wa homa humwomba, na wapo wanaosema walipona. Anayetaka kumfuata asianzie hapo. Aangalie kwanza paa la jirani yake, kisha atafute kamba.