Kifaduro, Mama Akiwa Dilolo

Mvua zilipoanza, mke wangu alipanda lori kwenda Dilolo kununua samaki wakavu na vitenge vinavyovuka kutoka Angola. Aliniachia binti yetu wa miaka sita. Haikuwa mara ya kwanza. Mimi ni fundi wa kushona, na cherehani yangu hukaa barazani, mbele ya nyumba tunayopanga hapa Kapata, katika safu ya nyumba za zamani za kampuni ya madini ambazo mgeni hawezi kuzitofautisha. Mama yake akisafiri, mtoto alikuwa akishinda nyumba ya pili, kwa mama mmoja wa Kiluba kutoka kaskazini, aliyekuwa amejifungua karibuni. Sisi ni watu wa Kasongo, Waislamu, na katika mji huu hatuna ukoo. Ukoo wetu ulikuwa yule mama.

Kikohozi kilianza kama mafua tu, pua ikitiririka. Niliuliza dukani kwa muuza dawa, akanipa siro tamu ya rangi nyekundu. Jirani alipomsikia mtoto akikohoa uani kwake, aliniita kutoka kwenye ukuta mfupi unaotutenganisha.

"Tata fundi, usiogope. Ni mavumbi ya malori. Kiangazi yote batoto banaikula, sasa inatoka."

Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Mtoto hakuwa na homa. Alicheza na alikula. Lakini siro iliisha, na kikohozi, badala ya kupungua, kikabadilika sura.

Alasiri moja alikuwa ameketi kwenye mkeka miguuni pangu akiokota vipande vya nguo. Akaanza kukohoa, na kile kikohozi hakikumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Kilifuatana, kimoja juu ya kingine, hadi uso ukawa mwekundu kisha mweusi, macho yakatokeza, ulimi ukatoka nje. Nilisimama nimeshika mkasi bila kujua niuweke wapi. Mwishoni akavuta hewa kwa sauti ndefu nyembamba, sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu, halafu akatapika uji wote mapajani. Nikamwosha. Alipomaliza kunywa maji akarudi kwenye mkeka, akaendelea kuokota vipande vyake kama hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Ungemkuta dakika ile ungesema mtoto huyu ni mzima.

Nilijaribu kumpigia mama yake. Simu haikushika. Mvua ikinyesha upande ule, mawasiliano hukatika, na barabara nayo huharibika. Nikakaa na simu mkononi. Tangu tuoane, mambo ya ugonjwa wa mtoto yalikuwa yake: yeye ndiye aliyejua lini kungoja na lini kukimbia. Mimi nilijua kupima mabega ya watu. Nilijiambia ningoje hadi kesho. Kesho yake nikajiambia vilevile.

Asubuhi iliyofuata, nikimfunga viatu, kikohozi kilimkamata tena, na safari hii midomo yake ikawa ya rangi ya jivu. Kwa kitambo kidogo hakuvuta pumzi kabisa. Nilimwita jina lake kwa nguvu, nikampigapiga mgongoni ingawa sikujua kama inafaa. Pumzi iliporudi, sikuwaza tena habari ya kungoja. Nilimfunika kwa kitenge cha mama yake, nikasimamisha taximoto, tukaenda kituo cha afya.

Ilikuwa siku ya kupima watoto uzito. Benchi karibu zote zilijaa akina mama na vichanga, wengine wakinyonya, wengine wamelala migongoni. Niliufikia mlango, nikaona nafasi moja ndani, katikati yao. Mtoto akakohoa kidogo. Nikarudi nyuma. Sikuwa na elimu yoyote ya ugonjwa huo, ila nilikuwa nimeiona ile midomo ya jivu, na nilipowatazama wale wadogo niliona jinsi vifua vyao vilivyo vidogo. Tukasimama nje chini ya ukingo wa bati, mvua ikitulowesha miguu. Watu walituangalia kama wanaangalia wendawazimu.

Baadaye muuguzi, mama mtu mzima, akatoka.

"Tata, mbona hauingii? Mutoto analowa."

"Mama, mi naogopa. Anakohoa vibaya, na kule ndani beko batoto badogo."

Hakucheka. Alikuja nje mwenyewe, akachuchumaa mbele ya binti yangu, akasikiliza kifua, akauliza kikohozi kilianza lini na kama anatapika baada yake; nikamweleza na habari ya midomo. Aliuliza habari ya chanjo. Nilimwambia alipata za mwanzo, kisha tukahama, na zilizobaki sina hakika nazo. Halafu kikohozi chenyewe kikaja mbele yake, pamoja na ile sauti ya mwisho.

"Hii inaweza kuwa kokelishi," alisema. Ndilo jina tunaloita kifaduro huku kwetu. "Maabara ya kupima hatuna, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini sitangojea kuapa. Atakunywa antibiotiki, na uimalize yote hata ukiona amepona. Siro ya dukani uache. Umupe chakula kidogo kidogo, ili akitapika ale tena. Midomo ikigeuka tena rangi, ao pumzi ikisimama, unapita moja kwa moja hospitali kubwa, haupiti hapa."

"Atapona?"

"Huyu eko mukubwa, ana nguvu. Kikohozi itakawia, itakuchosha. Mi naogopea badogo. Nani anakaa karibu yenu? Kuko mutoto muchanga?"

Juzi yake tu nilikuwa nimemwona binti yangu amempakata mtoto wa jirani, amemwekea shavu usoni.

"Kuko," nikasema.

"Basi umwambie leo. Amulete, hata kama hakohoi, apewe dawa ya kuzuia."

Njiani kurudi nilitafuta maneno nisiyapate. Kumwambia mtu aliyekulelea mwanao bure kwamba mwanao huenda amemletea ugonjwa nyumbani, unaanzia wapi? Mvua ilikuwa imekatika, nikamkuta jirani anaanika nguo, mtoto mgongoni. Nilisimama mbali, upande wangu wa ukuta, nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Mkono wake ulikwenda nyuma, ukashika miguu ya mtoto.

"Na jana alikuwa anamubusu," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana ninakuambia."

Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu, akaenda kituoni bila kugeuka.

Baada ya hapo baraza langu likawa kimya. Wateja wangu wengi ni akina mama, na niliwaambia mimi mwenyewe, mmoja mmoja: mwenye mtoto mchanga asipande ngazi. Wenye watoto wakubwa nao wakaacha kuja. Ijumaa nilisali nyumbani. Siku zilipita bila mtu kuniita, na ningeweza kufika jioni bila kutamka neno ila yale ya kumwambia mtoto ateme, anywe, avute pumzi pole pole. Aliniuliza kwa nini mama wa nyumba ya pili hamwiti tena. Nikamwambia mtoto wake analala. Akakaa dirishani akingoja aamke.

Kila asubuhi nilisikiliza ukutani. Nilimsikia kichanga akilia, nikashukuru kilio kile, kwa sababu kilikuwa kilio kizima, cha njaa tu. Hakuugua. Baba yake ndiye aliyekuja kuniambia, akiwa barabarani, bila kusogea karibu.

Binti yangu alimaliza dawa na akaendelea kukohoa, kama nilivyoonywa, ila ile sauti nyembamba ikawa ya nadra, kisha ikapotea. Alikuwa amekonda, gauni nililomshonea sikukuu likimning'inia.

Mke wangu alirudi barabara ilipofunguka, miguu imevimba kwa safari, akiwa na mizigo ya samaki. Tulikuwa tumezungumza kwa simu mara moja tu, maneno yakikatika katikati, nikamwambia tu mtoto anakunywa dawa. Usoni mwake niliona kwamba alikuwa amejiandaa kwa mabaya zaidi. Alimpakata, akamsikia akikohoa mara mbili, akashusha pumzi.

"Kumbe ni kikohozi kidogo," alisema.

Nilianza kumweleza. Nikamweleza habari ya midomo, na ile sauti, na namna tulivyosimama mvuani. Alisikiliza vizuri, akanishika mkono, akalia kidogo. Lakini alikuwa akimtazama mtoto aliyekuwa mbele yake, anayekula samaki na kucheka, na yule mwingine niliyemwona mimi, wa midomo ya jivu, sikuweza kumwonyesha. Nilipomaliza aliinuka, akachukua sahani ya samaki, akaenda kumsalimu jirani. Niliwasikia wakicheka kule ng'ambo ya ukuta. Mimi nikabaki nikifuta vumbi kwenye cherehani.