Karatasi ya Mwisho ya Mheshimiwa

Mume wangu alikuwa mbunge kwa muhula mmoja tu. Watu wa Babati wanaotupenda husema aliangushwa na shida za miaka ile ya themanini: sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa kwa foleni, mbunge gani angerudi? Wanasema hivyo kwa wema, nami nimewaacha waseme. Aliyemwangusha ni mimi.

Kabla ya ubunge alikuwa bwana shamba. Watu walimjua kwa baiskeli yake, akizunguka vijijini kuonyesha wakulima namna ya kupanda maharage kwa mistari. Hakuwa msemaji. Chama kilipopitisha jina lake na wananchi wakamchagua, nilicheka, nikamwambia sasa atalazimika kusema zaidi ya mbolea na panzi. Alikwenda bungeni Dar es Salaam na suti moja, akarudi na ileile, imechakaa zaidi.

Tulikaa Nangara. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tatu, watoto wengi kuliko madaftari. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuta watu wamekaa kando ya uzio wetu wa minyaa, wananisubiri. Msidhani walikuja kudai barabara. Barabara ilikuwa anasa. Mmoja alitaka sukari ya sherehe ya kipaimara, mwingine betri za redio, mwingine jembe, maana hata majembe yalikuwa yameadimika, katika nchi ya wakulima. Kila kitu kilihitaji kibali, na kibali kilihitaji kimemo kutoka kwa mtu mwenye cheo. Mume wangu alichukia vimemo. Alisema mtu hakuchaguliwa ili awe karani wa duka.

Lakini kulikuwa na ombi moja ambalo hakuweza kulikataa, nalo ni kitambaa cha kuzikia. Duka la ushirika lilipata jora moja la marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, tena si kila mwezi, na meneja alilifungia stoo. Bila kimemo hakati hata mkono mmoja. Sisi Wakristo tulioshuka kutoka milima ya Mbulu tulishazoea kwamba marehemu anavikwa kitu cheupe kabla ya kushushwa. Mtu anaweza kuishi na viraka maisha yake yote, lakini siku hiyo moja ndugu zake wanataka aonekane mtu.

Basi kila alipokwenda kwenye vikao, mume wangu aliniachia nusu karatasi za daftari, tupu, zimetiwa saini chini. Zilikuwa tano au sita. Aliniambia za msiba tu, niulize vizuri, kisha niandike.

Niliuliza vizuri, na bado nilidanganywa. Mwanamume mmoja alinililia mlangoni kwamba mama yake amefariki. Nikamwandikia. Juma lililofuata nikamkuta mama huyohuyo sokoni anauza vitunguu, mzima, ananisalimia kwa heshima zote. Kitambaa kilikuwa kimeuzwa kwa magendo. Meneja wa duka alinionya kwamba wakati huo watu walikuwa wanakamatwa kwa uhujumu uchumi, na saini iliyokuwa pale si yangu, ni ya Mheshimiwa. Niliogopa. Toka siku hiyo nikawa mkali, na niseme ukweli, nikaanza kuupenda huo ukali. Si vigumu kuzoea kusubiriwa na watu wazima.

Kikao kimoja kilirefuka. Nikabakiwa na karatasi moja. Siku hizohizo kaka yangu alituma mtu kutoka Mbulu kuniambia mama yetu ni mgonjwa sana, hali tena chakula, nijiandae. Nikaichukua ile karatasi ya mwisho nikaifungia kabatini pamoja na vyeti vyangu vya ualimu. Sikumwambia yeyote. Nilijiambia kwamba naitunza kwa ajili ya msiba, na kweli, hayo ndiyo maneno ya mume wangu. Sikujiongezea kwamba ni msiba wangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafua kwa majani ya mpapai, sabuni haikuwapo mwezi mzima. Akabisha hodi mwanamume mmoja kutoka Bonga. Nilimfahamu kwa sura, mkewe alikuwa akituletea maharage. Alikuwa amekuja kwa miguu, miguu ina vumbi mpaka magotini. Akasema mke wake amefariki alfajiri, uzazi, na mtoto naye hakupona. Aliyasema kwa sauti ya chini, bila kulia, akitazama beseni langu.

Nilikuwa nimemwona mkewe sokoni siku chache nyuma. Nilijua ana mimba. Moyoni nilijua kwamba mtu huyu hasemi uongo. Hapo ndipo sina pa kujificha: sikumkataa kwa sababu nilimshuku. Nilimkataa kwa sababu nilimfikiria mama yangu.

Nikamwambia utaratibu umebadilika, alete barua ya balozi wa nyumba kumi kuthibitisha kifo.

"Balozi amekwenda mnadani, Mwalimu," akasema. "Na jua hili."

Nikamwambia basi amsubiri balozi. Akanishukuru. Nikainamia nguo zangu mpaka niliposikia hatua zake zimetoka uani.

Hakurudi. Siku ya tatu nikasikia shuleni, kwa mwalimu mwenzangu anayeishi upande huo, kwamba kuna mama wa Bonga amezikwa na mwanawe ndani ya gunia la katani lililokuwa na mahindi. Walilikung'uta, wakalifua, wakalishona. Niliendelea kusahihisha hesabu. Nilisahihisha vibaya, nikarudia.

Mama yangu alipona, akaishi miaka mingi. Ile karatasi niliichoma jikoni, na mume wangu aliporudi nikamwambia zote zimetumika. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema watu wanakufa sana mwaka huu.

Ukaja uchaguzi. Wakati ule chama kilisimamisha wagombea wawili, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba, na wote wawili walizungushwa kwa gari moja, wakipewa dakika sawa jukwaani, kisha wananchi wanauliza maswali. Mume wangu alipewa jembe. Alikuwa anakwenda vizuri. Mpinzani wake alijua maneno mengi, lakini watu walikumbuka baiskeli.

Mkutano wa Bonga nilihudhuria. Walimu tulitakiwa tuwepo, tukakalishwa kwenye benchi pembeni ya meza ya viongozi. Yule mfiwa alikuwa amekaa chini, mstari wa kwanza kabisa, na watoto wake wawili.

Hakusema yeye. Alisimama ndugu yake, mtu mzima, akavua kofia. Akauliza kwa adabu tu kwamba Mheshimiwa anaomba tena kura, naye anataka kujua kwa nini shemeji yake alinyimwa kitambaa nyumbani kwa Mheshimiwa, mpaka akazikwa kwenye gunia kama mahindi. Hata viongozi waliozoea kuingilia kati hawakuingilia.

Mume wangu hakuwa anajua lolote. Niliona anavyotafuta, siku zipi, kikao kipi. Kisha akageuka akanitazama. Haikuchukua muda. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na moja, na uso wangu alikuwa anausoma bila taabu.

Nilichotakiwa kufanya ni kusimama. Benchi lilikuwa hapo, miguu ilikuwa yangu, maneno yalikuwa matatu au manne. Sikusimama. Nikatazama viatu vyangu.

"Ni kweli," mume wangu akasema. "Nilikosa mimi. Naomba mnisamehe."

Dakika zake zilikuwa bado, akazirudisha, akakaa.

Alishindwa Bonga, akashindwa kila mahali habari ile ilikofika kabla ya siku ya kura. Akarudi kwenye baiskeli na maharage yake. Mimi nilimsubiri anigombeze. Nilimwomba anigombeze. Alisema tu kwamba hakupaswa kuniachia zile karatasi, kosa lilianzia hapo, na tangu siku hiyo hatukuzungumza jambo hilo tena. Hakunitesa, na hilo lilinitesa. Alikufa bila kunilaumu, na nilimvika shuka jeupe jipya, kwa sababu wakati huo maduka yalikuwa yamejaa.

Lakini mwaka uleule wa uchaguzi, kabla ya mvua, nilikwenda Bonga peke yangu. Nilimkuta yule mwanamume anapukuchua mahindi. Akanipa kigoda. Nikamweleza yote, na kabati, na mama yangu, na kwamba Mheshimiwa hakujua. Nilidhani atashangaa.

"Ndugu zangu walitaka wakutaje wewe," akasema. "Niliwakataza. Siku ile nilikaa mbele ili nikuone. Nilisubiri usimame."

Nikamwambia niliogopa.

Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, akaliweka chini. Akasema hata yeye aliogopa sana asubuhi ile, alisimama nje ya uzio wangu muda mrefu, lakini alibisha hodi.